Kupigania Msitu wa Karura

Mtu atokaye katikati ya Nairobi akishika barabara ya Limuru au ile ya Kiambu haendi mwendo mrefu kabla hajafika penye msitu. Maduka na majumba hukoma, hewa hupoa, na kando ya njia husimama miti mirefu iliyofungamana. Huo ndio msitu wa Karura. Eneo lake ni hekta 1,041. Mito midogo hupita ndani yake, na mmojawapo huporomoka jabalini kwa kishindo. Yamo mapango ambayo yasemekana wapiganaji wa uhuru walijificha humo katika miaka ya 1950. Imo mihugu na mizeituni ya mwitu. Wamo kima, paa na mbawala, na ndege wa rangi nyingi. Siku za mapumziko watu wa mji huja hapo kwa maelfu, wengine kutembea, wengine kuendesha baiskeli, wengine kukaa tu chini ya kivuli na watoto wao.

Kijana aliyezaliwa katika karne hii aweza kudhani kwamba msitu huu umekaa hapo kwa bahati, kama vile mlima ukaavyo. Sivyo. Katika miaka ya 1998 na 1999 msitu wa Karura ulikuwa karibu kugeuzwa mtaa wa majumba ya fahari. Mipaka ilikuwa imekwisha kupimwa, miti ilikuwa imeanza kuangushwa, na tingatinga zilikuwa zikinguruma ndani. Kwamba msitu upo hata leo ni kwa sababu raia walisimama mbele ya mashine hizo wakasema hapana. Habari yao yafaa kusomwa pamoja na habari za vita na za uchaguzi katika historia ya nchi yetu, maana inatufunza jambo ambalo ni rahisi kulisema na vigumu kulitenda: mali ya watu wote haijilindi yenyewe.

Kwanza natutazame jinsi msitu ulivyokuja kuwa mali ya watu wote. Kabla ya ukoloni, nchi hii ya miinuko kaskazini mwa Nairobi ilikuwa mpakani mwa mashamba ya Wakikuyu na malisho ya Wamasai. Wazungu walipoingia, ardhi nyingi ya kando ya mji iligawanywa kuwa mashamba ya kahawa na makazi yao. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikatangaza rasmi kwamba Karura ni msitu wa serikali. Sehemu yake ikaachwa na miti ya asili, na sehemu ikapandwa miti ya kigeni, kama vile mikaratusi, kwa ajili ya kuni na mbao. Hatuwezi kusema kwamba wakoloni walifanya hivyo kwa kuwahurumia wenyeji. Lakini nchi ilipopata uhuru mwaka 1963, msitu ule pamoja na mali nyingine za serikali uliingia mikononi mwa taifa zima. Tangu siku ile mwenyewe alikuwa ni raia wa Kenya, na serikali ilikuwa mwangalizi tu aliyepewa dhamana ya kuutunza.

Wakati huohuo mji ulikua kwa haraka kubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilionyesha kwamba Nairobi ilikuwa na watu 509,286. Katika hesabu ya mwaka 1999 watu walikuwa 2,143,254. Yaani katika muda wa miaka thelathini mji uliongezeka zaidi ya mara nne. Watu wakiongezeka, viwanja huadimika. Viwanja vikiadimika, bei hupanda. Na hakuna mahali ambapo bei ilipanda kuliko huko kaskazini, penye hewa safi na baridi, karibu na Muthaiga, Runda na Gigiri, ambako mabalozi na watu wenye mali walikuwa wamejenga. Katikati ya mitaa hiyo palikuwa na msitu. Kwa macho ya mwenye tamaa, msitu ule ulikuwa ni shamba la fedha ambalo halijavunwa.

Yatupasa kuelewa jinsi ardhi ya umma ilivyoweza kutoka mikononi mwa umma, maana jambo hilo ndilo shina la habari yetu. Sheria ya Misitu iliyotumika wakati ule ilimpa Waziri uwezo wa kutangaza kwamba sehemu fulani ya msitu si msitu tena. Alichotakiwa kufanya ni kutoa taarifa katika Gazeti Rasmi la Serikali siku 28 kabla. Hakulazimishwa kulieleza Bunge, wala kuwauliza wakazi wa karibu. Basi jiulize, msomaji: ni watu wangapi wa Mathare au Kawangware waliokuwa wakisoma Gazeti Rasmi? Taarifa ilichapishwa, siku zikapita, na watu walio wengi wasijue neno. Baada ya hapo ardhi iliweza kugawiwa kwa barua kwa mtu mwenye jamaa au rafiki serikalini. Naye aghalabu hakuilima wala hakuijenga, bali aliiuza kwa kampuni kwa bei kubwa. Kwa njia hiyo kitu cha wote kilipata mwenyewe mmoja, na mwenyewe huyo alikuwa na hati yenye mhuri. Mwizi wa kawaida huogopa mchana. Huyu alitembea mchana na karatasi mkononi.

Mwaka 1998 habari zilimfikia Profesa Wangari Maathai kwamba sehemu kubwa ya Karura imegawiwa hivyo. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alisoma sana, akafundisha elimu ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1977, akifanya kazi pamoja na Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alianzisha chama kilichokuja kujulikana kwa jina la Green Belt Movement. Siku ya mwanzo walipanda miti saba tu katika uwanja wa Kamukunji. Kisha wanawake wa vijijini wakaanza kuotesha mbegu katika vitalu vyao, wakapanda miti kando ya mashamba, wakilipwa kidogo kwa kila mche uliokua. Haba na haba hujaza kibaba: ilipofika mwaka 2004 miti iliyopandwa ilikuwa zaidi ya milioni 30.

Mama huyu hakuwa mgeni katika mabishano ya ardhi ya umma. Mwaka 1989 palitolewa shauri la kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, pale ambapo watu wa Nairobi wasio na bustani zao huenda kupumzika. Alipopinga alidhihakiwa hata bungeni, na wengine wakamtukana kwa kuwa alikuwa ameachana na mumewe, kana kwamba jambo hilo lilihusu bustani. Alipokwenda mahakamani kesi yake ilitupwa. Mahakama haikusema kwamba hoja zake ni za uongo. Ilisema kwamba yeye hana haki ya kushtaki, kwa kuwa bustani si mali yake binafsi na hasara iliyompata haizidi hasara ya mtu mwingine yeyote. Litazame neno hilo kwa makini. Kitu kikiwa cha mtu mmoja, mtu huyo aweza kukidai mahakamani. Kitu kikiwa cha wote, basi hakuna awezaye kukidai! Hata hivyo kelele za raia ziliwafanya waliotarajiwa kutoa fedha wasite, na jumba lile halikujengwa kamwe. Wangari Maathai alijifunza hapo mambo mawili: kwamba sheria yaweza kumwacha raia mlangoni, na kwamba raia aliyeachwa mlangoni bado ana sauti.

Sauti hiyo aliitumia tena kwa Karura. Alianza kwa upole. Aliwaandikia wakubwa wa serikali barua kuuliza ni nani aliyegawiwa msitu, kwa sheria gani, na kwa faida ya nani. Hakupata jibu la kutosha. Ndipo yeye na wenziwe wa chama, pamoja na wabunge wa upinzani na waandishi wa magazeti, walipokwenda kujionea. Ndani ya msitu, mahali ambapo mtu wa barabarani hawezi kupaona, walikuta miti imeangushwa, barabara zimechongwa, na vibanda vya wafanyakazi vimesimama. Picha zikatoka magazetini. Jambo lililofanywa kwa siri likawa habari ya kila kinywa.

Njia ya kupinga waliyoichagua watu wa Green Belt yastahili kuangaliwa. Hawakuchukua mawe, bali miche, majembe na makopo ya maji. Mahali palipokatwa miti walipanda mingine, wakaweka na kitalu humohumo msituni. Mtu aweza kuuliza, mche mmoja una nguvu gani mbele ya tingatinga? Nguvu yake ni hii: apandaye mti husema kwa kitendo kwamba ardhi hii ni yangu na ya watoto wangu, nami natazamia kuwapo hapa mti utakapokua. Na yule amzuiaye asipande mti katika msitu wa serikali hujifunua mbele ya watu wote, maana ni vigumu kueleza kwa nini kupanda mti msituni ni kosa na kuukata ni halali. Siku moja walipokuta lango limelindwa, walizunguka kwa nyuma wakapita penye maji na tope, ili miche yao isikose kunyweshwa.

Si wote waliokuwa na subira hiyo. Tarehe 7 Oktoba 1998 kundi la wapinzani, wakiwamo wabunge, liliingia msituni, na siku hiyo mitambo na magari ya ujenzi yakateketezwa kwa moto. Hasara ilikuwa ya mamilioni ya shilingi. Mwanahistoria hana budi kulitaja jambo hili pamoja na mengine, wala asilifunike kwa sababu tu anawapenda watetezi wa msitu. Moto ule uliwapa wenye viwanja sababu ya kuwaita wapinzani wao wahalifu. Kwa upande mwingine, ulionyesha jinsi hasira ilivyokuwa imefika kooni kwa watu walioona kwamba barua hazijibiwi na mahakama hazifunguki. Serikali ifungapo milango yote ya haki, haipaswi kushangaa watu wakipita dirishani. Lakini nyumba iingiwayo kwa dirisha haikosi kuvunjika kitu.

Tena ni haki tusikilize maneno ya upande wa pili. Wao walisema: mji unakua, watu wanahitaji nyumba, na hati zetu zimetolewa na serikali yenyewe. Neno la kwanza ni la kweli. Nairobi ilihitaji nyumba, tena ilizihitaji sana. Watu waliishi Kibera na Mathare wakibanana familia nzima katika chumba kimoja, bila maji wala njia ya taka. Mtu mwenye moyo hawezi kusema kwamba mti ni bora kuliko mtoto anayelala penye matope. Lakini je, majumba ya Karura yalikusudiwa kwa watu wa Kibera? La. Yalikusudiwa kwa wenye fedha, na sehemu moja ilikuwa itengenezwe uwanja wa gofu. Maskini wa Nairobi wasingepata chumba kimoja humo. Wangepoteza tu kivuli chao, na mito ipitayo mjini ingepoteza mlinzi wake. Basi hoja ya nyumba ilikuwa vazi zuri lililovikwa jambo jingine. Nawe msomaji, usikiapo maneno “maendeleo” na “mahitaji ya wananchi,” jizoeze kuuliza: ni wananchi gani, na nani atakaa katika nyumba hizo?

Neno la pili, lile la hati, lilikuwa gumu zaidi, maana hati ni jambo zito. Nchi ambayo hati zake haziaminiki haiwezi kustawi. Lakini mwangalizi hawezi kuuza kilicho cha mwenyewe bila idhini yake, na anunuaye kwa mwangalizi huku akijua hayo hununua mgogoro. Hili lilikuja kukubaliwa na serikali baadaye, kama tutakavyoona.

Siku ambayo haitasahauliwa ni tarehe 8 Januari 1999. Asubuhi hiyo Wangari Maathai, wanachama wa Green Belt, wabunge sita wa upinzani, waandishi wa habari na wageni waliokuja kushuhudia walifika langoni mwa msitu wakiwa na mche wa kupanda. Lango lilikuwa limezingirwa na kundi kubwa la wanaume waliowekwa kulilinda, wenye silaha mikononi. Walikatazwa kuingia. Profesa akasema kwamba, kama haruhusiwi kuingia, atapanda mti wake palepale. Alipoanza kuchimba shimo wanaume wale waliwarukia. Walipiga bila kuchagua. Wabunge wanne waliumizwa, na waandishi wa habari, na wageni kutoka Ujerumani. Wangari Maathai alipigwa kichwani, damu ikamtiririka.

Walikimbilia kituo cha polisi. Alipotakiwa kutia sahihi katika maelezo yake, alichovya kidole katika damu ya kichwa chake akatia alama kwa damu hiyo. Akawataka askari waende naye msituni kuwakamata waliompiga, hawakwenda. Haikuhitaji hotuba ndefu kuwaeleza raia maana ya jambo hilo. Mwanamke wa miaka hamsini na minane alikuwa amekwenda kupanda mti katika msitu wa taifa lake, akarudi na kidonda, na sheria ikakaa kitini.

Lakini waliopiga hawakujua kwamba wanapigwa picha. Sinema ya tukio lile ilionyeshwa Kenya na ng’ambo. Makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira yako Gigiri, kando kabisa ya Karura, hata mtu akisimama madirishani pake aweza kuuona msitu. Dunia isingeweza kusema kwamba haikuona. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alitoa neno la kushutumu. Viongozi wa dini walikemea. Mwisho wa mwezi huo wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, wakapambana na polisi, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa. Ni vema vijana wa shule wakumbuke kwamba wenzao waliotangulia walipoteza siku za masomo yao kwa ajili ya msitu ambao wengi wao hawakuwa hata wakikaa karibu nao.

Ndivyo mambo yalivyogeuka. Mwanzoni ilikuwa ni habari ya mwanasayansi mmoja na akina mama wenye miche. Kisha wakaingia wabunge, wanasheria, makanisa, wanafunzi, wakazi wa mitaa ya karibu na mataifa ya mbali. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kampuni zilizokuwa na hati ziliona kwamba hakuna atakayenunua nyumba kwa amani mahali palipomwagwa damu. Kazi ya ujenzi ikasimama. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba amepiga marufuku ugawaji wote wa ardhi ya umma. Watetezi wa Karura walikuwa wameshinda.

Je, habari yetu yaishia hapo? Kama ingekuwa ngano, ingeishia hapo. Lakini historia haina desturi ya kwisha siku ya shangwe. Tangazo la mkuu ni neno, na neno laweza kutenguliwa na neno jingine. Sheria yenyewe ilikuwa haijabadilika: Waziri bado alikuwa na siku zake 28 na Gazeti lake. Mwaka 2001, miaka miwili tu baada ya tangazo lile, serikali ilitangaza kuondoa katika hesabu ya misitu eneo la hekta zipatazo 67,000 katika sehemu mbalimbali za nchi. Eneo hilo ni zaidi ya mara sitini ya Karura. Watu waliodhani kwamba vita vimekwisha waliona kwamba wameokoa mti mmoja, na shoka lingali limenolewa.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa ni ya kalamu, kazi isiyo na picha za kusisimua, lakini ndiyo iliyotia nanga ushindi wa Karura. Serikali mpya ilipoingia baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, iliunda mwaka 2003 tume ya kuchunguza ugawaji wa ardhi ya umma, iliyojulikana kama Tume ya Ndung’u. Taarifa yake ya mwaka 2004 ilieleza jinsi misitu, viwanja vya shule, bustani na hata makaburi vilivyogawiwa kinyume cha sheria, nayo ikashauri kwamba hati za namna hiyo zifutwe. Karura ilikuwa miongoni mwa mali zilizotajwa. Kisha Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikaondoa uwezo ule wa Waziri peke yake. Tangu hapo, mtu akitaka kupunguza msitu sharti athari zake kwa mazingira zichunguzwe, wananchi waulizwe, na Bunge likubali. Sheria hiyohiyo iliwapa wakazi wa karibu na misitu haki ya kujiunga katika vyama na kushiriki katika kuitunza. Na lile jambo la mwaka 1989, kwamba raia hana haki ya kushtaki kwa ajili ya kitu cha wote? Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 ililiondoa, na Katiba ya mwaka 2010 ikalizika kabisa: kila mtu ana haki ya mazingira safi, naye aweza kwenda mahakamani kuitetea bila kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Msitu wenyewe nao ulihitaji kuponywa. Baada ya ghasia zile Karura palikuwa mahali pa kuogofya. Wanyang’anyi walijificha humo, na watu wema waliogopa kuingia. Msitu usiotembelewa na wenyewe ni rahisi kuibwa tena, maana ni nani atakayelilia kitu asichokijua? Wakazi wa mitaa ya jirani waliunda chama cha marafiki wa Karura, wakashirikiana na shirika la serikali la misitu. Vijana wa kijiji cha Huruma kilicho mpakani mwa msitu wakafunzwa kuwa askari wa msitu. Ua wa umeme ukazungushwa, njia zikafyekwa, na mwaka 2011 milango ikafunguliwa kwa watu wote. Mwaka huohuo, tarehe 25 Septemba, Wangari Maathai alifariki dunia. Alikuwa amekwisha kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, naye ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Lakini pengine kumbukumbu yake kubwa kuliko medali ni hiyo milango: mahali alipopigwa kwa kutaka kuingia, sasa mtoto yeyote huingia.

Tukiipima habari hii yote, twaona kwamba mambo matatu yaliuokoa msitu. La kwanza ni kujua. Kama siri ingalibaki siri, Karura ingalikwisha kabla watu hawajaamka. Kwa hiyo aliyesoma taarifa na kuuliza swali alifanya kazi kubwa kama aliyesimama langoni. La pili ni kukubali gharama. Barua peke yake haikutosha. Walikuwapo watu waliokuwa tayari kuumia kwa ajili ya kitu ambacho wasingekimiliki zaidi ya jirani zao. La tatu, ambalo husahauliwa, ni kuugeuza ushindi kuwa sheria. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walioandika sheria za baadaye walikuwa wakiziba ufa ambao Karura ilitaka kutumbukia.

Nchi yetu ingali na watu wengi wasio na nyumba, na miji yetu ingali ikikua. Mabishano kati ya nyumba na msitu, kati ya barabara na bustani, hayatakwisha. Yatakuja katika zamu yenu ninyi mnaosoma ukurasa huu. Wakati mwingine itakuwa haki kujenga, na wakati mwingine itakuwa haki kuzuia. Siwezi kuwaambieni leo jibu la kila kesi. Naweza tu kuwaambieni kwamba siku hiyo mtakuta karatasi yenye mhuri mezani na watu wachache wakiwaambia kwamba jambo limekwisha amuliwa. Kumbukeni basi kwamba jambo la Karura nalo lilikuwa limekwisha amuliwa, na miti ingali imesimama.